Nusu ya Kikaratasi cha Bei

Nilikiiba. Wacha niliseme hilo mwenyewe kabla hamjanisemea nyinyi. Kile kikaratasi cha njano chenye bei nyekundu nilikibandua kwa ukucha wangu kwenye godoro la watu, mchana kweupe, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikamuaga mlinzi wa mlangoni na akaniitikia vizuri tu. Mpaka leo sijaamua kama lilikuwa kosa. Ninachojua ni kwamba nisingekichukua, wangeniambia niliota.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu, huyu niliyemlea tangu hajaota jino, alichaguliwa kwenda kidato cha tano. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko. Mimi niliishia darasa la nne. Nasoma kama herufi ni kubwa na aliyeziandika hakuwa na haraka. Kwa hiyo barua ya shule ilipokuja niliitembeza mtaa wetu mzima wa Ipuli. Niliipeleka hata kwa jirani ambaye hatusalimiani, nikasimama mlangoni kwake nikaisoma kwa sauti, pale niliposhindwa nikaruka.

Pamoja na barua ilikuja fomu. Fomu ilitaka jembe lenye mpini, ndoo yenye mfuniko, fagio, rimu ya karatasi, na godoro la futi mbili na nusu. Mstari wa chini mjukuu alinisomea mara mbili kwa sababu nilimwambia arudie: mwanafunzi atakayefika bila vifaa hivi hatapokelewa. Jembe lilikuwepo. Ndoo niliitoa jikoni kwangu. Fagio na rimu tulinunua. Lilibaki godoro, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumanne.

Zamani godoro ningelinunua sokoni bila kufikiri mara mbili. Mwenye duka unamjua. Unakaa kwenye gunia lake, mnaulizana habari za nyumbani, anataja bei ya kijinga, unainuka kuondoka, anakuita urudi. Mkimaliza, kila mmoja anaamini amempiga mwenzake kidogo, na roho zinatulia. Lakini mke mwenzangu alikataa. Ndivyo ninavyomwita mjukuu wangu, maana marehemu babu yake mpaka siku ya mwisho alikuwa akimwita mchumba. Aliniambia magodoro ya sokoni siku hizi yanashonewa mabaki ya sponji vipande vipande ndani.

"Twende lile duka kubwa la vioo, Bibi. Wametangaza punguzo."

Neno punguzo sijawahi kulipenda. Mtu anapunguza nini? Kwani alikuwa amezidisha lini, na alipozidisha alimtangazia nani?

Alhamisi nilikwenda peke yangu kuchungulia. Mle ndani hakuna wa kupatana naye. Bei inasemwa na karatasi, na karatasi haina uso ukautazama ukajua inadanganya. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa hospitalini, kila moja na kikaratasi chake cha njano kifuani. La futi mbili na nusu liliandikwa elfu tisini na tano, ikakatwa mstari, chini yake kwa wino mwekundu elfu sabini na tano. Namba hizo nilizisoma bila msaada wa mtu. Nililibonyeza godoro, nikalinusa, nikalipiga ngumi. Lilikuwa zuri, na hilo lenyewe likanitia wasiwasi.

Fedha sikuwa nayo bado. Tuna upatu wetu sisi wanawake tunaouza karanga, na zamu yangu ya kupokea ilikuwa Jumapili. Nikamuuliza binti anayesimamia magodoro, aliyekuwa akibonyeza simu:

"Mwanangu, bei hii ipo mpaka lini?"

"Ipo tu, Bibi," akajibu, macho kwenye simu.

Ipo tu! Ukimuuliza mtu mvua itanyesha, akakwambia ipo tu, utaanika mahindi? Nilisubiri aende upande wa masufuria. Alipokwenda, nikabandua.

Sikubandua kwa wazimu. Baba yangu alikuwa mtu wa asali. Alikuwa akiitoa kwenye misitu ya Sikonge kwa baiskeli, madebe mawili nyuma, anapita kwetu Kwihara, anauza hapo, kisha anaendelea mjini. Njia hiyohiyo siku hizi wageni wanakuja kuipiga picha wakiambiwa misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa. Sisi tulipita na asali na hakuna aliyetupiga picha. Sasa, wateja wengi wa baba walikuwa watu wa tumbaku, na mtu wa tumbaku anapata fedha mara moja kwa mwaka. Akija mtu anataka asali na mfuko mtupu, baba alikata kijiti, akakitia alama kwa kisu kuonyesha bei ya siku hiyo, kisha akakipasua katikati kwa urefu. Nusu anachukua mteja, nusu inachomekwa kwenye nyasi za paa letu. Mteja akirudi, hata baada ya miezi, hata asali ikiwa imepanda mara mbili, vijiti vikiunganishwa na alama zikakutana, bei ni ile ya kijiti. Baba hakuwa na maneno mengine. Kijiti hakikuwa na tarehe.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani na kikaratasi nilikiweka chini ya mto, nikalala kama mtu aliyekwishanunua.

Jumapili upatu nikapokea. Jumatatu asubuhi tukaenda, mimi na mjukuu. Nilivaa gauni langu la kanisani, na kanga juu yake, ili wasinione mtu wa kutapeliwa. Binti yuleyule alikuwepo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Tumekuja kuchukua lile."

Akalibeba hadi kaunta, akabonyeza mashine, mashine ikalia. "Elfu tisini na tano."

Nilifikiri ametaja godoro la mtu mwingine. "Ngapi?"

"Tisini na tano, Bibi. Ofa imeisha jana."

"Wewe si ndiye uliyeniambia ipo tu?"

"Mimi? Sikumbuki, Bibi. Hapa wanakuja watu wengi."

Nikafungua pindo la kanga, taratibu, kama baba alivyokuwa akichomoa kijiti kwenye nyasi za paa, nikaweka kikaratasi juu ya kaunta. Nikangoja aone haya. Badala yake macho yakamtoka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye godoro."

"Umeibandua? Bibi, hii ni mali ya duka! Ndiyo maana juzi tumeitafuta lebo yake hatuioni!"

"Na mimi natafuta bei yangu siioni. Tupo sawa."

Mjukuu alikuwa amekishika kikaratasi, anakigeuza. Akaniinamia sikioni. "Bibi, hapa chini kwenye kona pameandikwa. Mwisho ni jana."

Nilitazama kona ile. Kulikuwa na kitu kama kinyesi cha nzi. Kumbe ndiyo tarehe. Bei wameiandika ya kuonekana na mtu aliye ng'ambo ya barabara, siku ya mwisho wameiandikia sisimizi.

"Wewe uko upande gani?" nikamuuliza mke mwenzangu.

"Upande wako. Lakini imeandikwa."

Elfu ishirini ile ndiyo ilikuwa nauli yake ya basi. Nikilipa tisini na tano, godoro lipo, nauli haipo. Nikiliacha, nauli ipo, na huko anakokwenda hatapokelewa. Na upatu hauna zamu mbili.

Basi nikalishusha godoro kutoka kwenye kaunta, nikalilaza sakafuni, nikalikalia. Nikavuta gauni nikafunika magoti.

"Niitieni mkubwa wenu."

Mlinzi akaja kwanza, mtu wa Nzega kwa matamshi yake. "Mama, hapa ni njia, watu wanapita."

"Wapite. Mimi naruka kuni nikiwa na miaka yangu hii, wao watashindwa kuruka bibi?"

Watu wakaanza kusimama. Mwanamke mmoja mwenye mfuko wa unga akasema, "Mpeni bibi godoro lake, mnamtesa." Mwanamume nyuma yake akacheka: "Huyo anataka vya bure."

"Vya bure nimekuja kula kwako?" nikamuuliza. Akaona kwamba ana haraka, akaondoka.

Meneja akatoka ofisini. Kijana wa shati la kubana, na Kiswahili chake kinateleza kama sabuni, cha Dar es Salaam. Alichuchumaa mbele yangu, jambo ambalo lilinitia shaka zaidi. Mtu mwenye haki haoni sababu ya kuchuchumaa.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba. Mimi si bibi yako. Bibi yako usingemfanyia hivi."

Akatabasamu. "Nisikilize, Bibi. Ofa ilikuwa na mwisho. Na hata isingekuwa nao, kisheria bei unayoiona kwenye bidhaa ni mwaliko tu. Bei yenyewe ni ile tunayokubaliana kaunta."

"Mwaliko?"

"Ndiyo. Tunakualika uje."

"Ukinialika harusini kwako, nikavaa, nikapanda bajaji, nikafika na zawadi, ukaniambia harusi ilikuwa jana na kadi umeiacha mlangoni inaning'inia, hapo mwenye aibu ni nani?"

Mwanamke wa unga akapiga makofi. Meneja akajikuna shingo.

"Lakini kadi ilikuwa na tarehe, Bibi."

Sitadanganya, hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikageuza uso nikatazama ukutani, na ndipo nikaona. Magodoro mengine yote yalikuwa bado na vikaratasi vyao vya njano. Bei ya jana, Jumatatu asubuhi, yanaalika watu. Na yule binti, wakati mkubwa wake ananibembeleza hapa chini, alikuwa anapita kule kimyakimya, mgongo ametugeuzia, anavibandua kimoja kimoja na kuvitia mfukoni mwa aproni.

"Mwambie huyo asimamishe mkono wake!" nikapiga kelele.

Duka zima likageuka. Binti akasimama na kikaratasi kimemnatia kidoleni.

"Mimi nikibandua kimoja ni mwizi wa mali ya duka," nikasema. "Yeye anabandua kumi, anafanya nini? Anafagia?"

"Watoto walisahau kuvitoa jana jioni," meneja akasema. "Ni ubinadamu, Bibi."

"Walisahau kutoa kwenye godoro. Kupandisha kwenye mashine hawakusahau."

Akatazama watu, kisha akasimama akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Sawa. Nitakupa kwa sabini na tano. Lakini kile kikaratasi nirudishie."

Watu wakashangilia. Mjukuu akanishika mkono aninyanyue. Mimi sikunyanyuka.

Kwa nini anakitaka? Jambo limekwisha, bei nimepewa, karatasi ni karatasi, wanazo bunda zima ofisini. Mtu hatoi elfu ishirini akadai kipande cha karatasi kilichokunjwakunjwa kwenye kanga ya bibi kizee ila anajua kina kazi. Nikaona kesho yake: nimekwenda kusema mahali, naambiwa, Bibi, ushahidi uko wapi? Hakuna. Hakukuwa na punguzo. Hakukuwa na godoro. Uliota.

"Hapana," nikasema. "Godoro nipe, na karatasi yangu nibaki nayo."

"Basi ni tisini na tano," akasema meneja, na safari hii sauti haikuteleza.

Mjukuu akapiga magoti kando yangu. Alikuwa na machozi, si mengi. "Bibi. Mimi kule nitalala kwenye godoro. Sitalala kwenye karatasi."

Nataka niseme nilichofikiria wakati ule, ingawa sijawahi kumwambia mtu. Nilifikiria mama mmoja wa Kwihara. Nilikuwa na miaka kama tisa. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zimelowa, mama yangu ameniambia niwashe moto haraka. Nikachomoa vijiti vikavu kwenye nyasi za paa nikavitia mafigani. Vitatu hivi. Baada ya siku chache akaja mama huyo na nusu yake ya kijiti ameifunga kwenye kitambaa. Mtoto wake alikuwa na kikohozi, alitaka asali. Baba akatafuta nusu yake kwenye nyasi za paa, akatafuta, hakuiona. Asali wakati ule ilikuwa imepanda. Baba akamtazama yule mama kwa jicho ambalo hata mimi sikulipenda, akamwambia: kijiti kisicho na mwenzake kila mtu anaweza kukichonga. Yule mama akaapa. Baba akatikisa kichwa. Mama yule akaondoka bila asali, na mimi nilikuwa nimesimama pale mafigani, nimenyamaza kama jiwe la tatu.

Ndiyo maana siamini muuzaji akisema hakumbuki. Nusu inayopotea huwa ni ya muuzaji. Najua inavyopotea. Niliichoma mimi.

Basi nikakishika kikaratasi kwa mikono miwili mbele ya watu wote nikakichana katikati, kwa urefu. Kimoja nikampa meneja. Kingine nikakirudisha kwenye pindo la kanga.

"Nusu yako, nusu yangu," nikamwambia. "Siku tukigombana, tutaviunganisha."

Alikitazama kile kipande mkononi kama mtu aliyepewa kifaranga. Sidhani alielewa. Lakini watu walikuwa wengi na foleni ya kaunta ilikuwa imefika mlangoni. Akamwambia binti, "Andika sabini na tano." Mashine ikalia mara ya pili. Nilimwambia mjukuu asome risiti yote, mpaka kona zote nne, kabla sijainua makalio yangu kwenye godoro.

Nyumbani sikulala. Nilifungua zipu, nikapapasa sponji yote, nikitafuta vipande. Ilikuwa moja, nzima. Nikalipima kwa kamba, futi mbili na nusu kamili. Hapo ndipo nikazidi kuhangaika, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kukuta ubovu na sikuukuta. Jumanne alfajiri walilipandisha juu ya basi, likafungwa na jembe pembeni. Basi lilipoondoka nililitazama godoro kuliko nilivyomtazama mtoto, na hilo linaniuma.

Baadaye nilimuuliza mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kuwa karani wa mahakama: duka linalazimika kuheshimu bei iliyokwisha? Alikunywa chai yangu vikombe viwili, akasema meneja hakukosea yote, bei ya kwenye bidhaa kweli huhesabiwa kama mwaliko, lakini kuacha bei ya uongo kwa makusudi ili kuvuta watu ni jambo lingine, na kwa hiyo inategemea.

"Nimekupa chai na mihogo ili uniambie inategemea?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria jambo jingine: kuanzia Alhamisi ile mpaka Jumapili jioni, wakati kikaratasi kiko chini ya mto wangu, godoro lile lilisimama pale bila bei. Je, kama alipita mama mwingine, mwenye fomu kama yangu, akatazama, hakuona punguzo, akaenda zake? Sijui. Siwezi kujua. Nusu yangu ninayo kwenye kopo la maziwa pamoja na risiti, na nikiitazama, huyo mama naye namuona.

Mjukuu alipokelewa. Jumapili anaruhusiwa kunipigia kwa simu ya mlezi wa bweni.

"Godoro likoje?"

"Zuri, Bibi."

"Halijabonyea katikati?"

"Halijabonyea. Bibi, mbona huniulizi masomo?"

"Masomo nakuamini. Godoro ndilo siliamini."

Siku hizi Jumatatu, nikishauza karanga, napita kwenye lile duka. Natembea taratibu, mstari kwa mstari, ndoo, vyandarua, masufuria. Namba kubwa siziangalii tena. Nainama nasoma kona, mahali pa sisimizi. Nimenunua miwani kwa kazi hiyo. Mara mbili nimekuta tarehe iliyopita, na mara zote mbili yule binti alifika kubandua kabla sijafungua mdomo. Akibandua, na yeye anainama kwanza kusoma kona.

Juzi mlinzi, yule wa Nzega, alinisimamisha mlangoni. Kikapu changu kilikuwa kitupu, kama kawaida.

"Shikamoo, mama. Leo tena? Unanunua nini?"

"Marahaba," nikamwambia. "Sinunui. Nasoma."